Kujua, Kusikia na Kutaka

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeijua tangu shule ya msingi, na nimeiandika katika insha nyingi za mtihani bila kuihoji. Mwaka jana nililazimika kuihoji, kwa sababu nilijikuta nikikitembeza kitu ambacho niliamini kabisa kuwa ni kizuri. Kitu chenyewe kilikuwa amplifaya ya gitaa. Wanunuzi walikuwa wenzangu watatu wa bendi, na fedha zilikuwa zetu sote.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mtu ambaye peke yake ana ujuzi wa jambo fulani, na wenzake wanamtegemea awachagulie, ana wajibu gani wa kutenganisha anachokijua na anachokitamani? Swali hili laweza kuulizwa kuhusu daktari, fundi wa magari au mwanasiasa. Mimi nitaliuliza kuhusu sauti ya gitaa la jazi, kwa kuwa hapo ndipo liliponikamata.

Bendi yetu ina watu wanne. Mzee, ambaye sote tunamwita hivyo, hupiga gitaa la besi. Alianza kulipiga kabla wazazi wangu hawajaoana. Shangazi ni mwimbaji. Si shangazi yangu wa damu, lakini Buyenzi nilikokulia, hapa Bujumbura, mtu wa makamo yake huwezi kumwita kwa jina lake. Ngoma hupigwa na kijana wa rika langu ambaye mchana anauza viatu sokoni. Wa nne ni mimi, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu na mpiga gitaa. Kila Ijumaa jioni tunapiga katika mkahawa wa hoteli moja karibu na ziwa, saa mbili mfululizo, wageni wakila samaki. Kwa kila malipo tuliweka robo pembeni. Amplifaya yangu ya zamani ilikufa siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Wakati huo akiba ya miezi kumi na sita ilitosha kununua amplifaya moja, si mbili.

Wenzangu walinikabidhi kazi ya kuchagua. "Wewe ndiye unayejua mambo hayo," alisema Mzee. Na kweli nilikuwa najua. Tangu nikiwa na miaka kumi na sita nimesoma na kusikiliza kila nilichopata kuhusu sauti ya magitaa. Hapo ndipo hatari ilipoanzia.

Kwanza nieleze nilichokuwa nakitafuta. Hapa kwetu neno jazi lina maana mbili. Kwa Mzee, jazi ni bendi za dansi za ukanda huu. OK Jazz ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1956, na bendi nyingi za Tanzania zilibeba neno hilo katika majina yao ingawa muziki wao ulikuwa rumba na dansi. Gitaa la muziki huo hulia juu, kavu, kama matone ya mvua juu ya bati. Maana ya pili ni jazi ya Marekani, na gitaa lake hutaka sauti nyingine: nene, ya mviringo, yenye giza kidogo, isiyochoma sikio.

Sauti hiyo ina sababu zake. Mpiga jazi hutumia kodi zenye noti nne au tano tofauti kwa pamoja. Amplifaya ikilemewa, sauti huanza kukwaruza, na kila noti huzaa noti nyingine ambazo hukuzipiga. Katika kodi ya noti mbili mkwaruzo huo waweza kupendeza. Katika kodi ya noti tano huwa matope. Kwa hiyo mpiga jazi huhitaji amplifaya yenye nguvu kuliko anayoitumia, ili noti zote zipate nafasi ya kupumua. Huweka nyuzi nene, hutumia sumaku iliyo karibu na shingo ya gitaa, na hupunguza makali ya sauti ya juu.

Baada ya amplifaya inafuata spika. Wengi huidharau, lakini spika ndiyo inayozungumza na hewa. Spika ya gitaa si kama spika ya redio: haitoi vizuri sauti zilizo juu sana, takriban zaidi ya hezi 5,000, na udhaifu huo ndio unaolifanya gitaa la umeme lisikwaruze masikio. Vilevile spika hutofautiana katika wepesi wa kuitikia. Spika yenye kiwango cha desibeli 100, ukiilinganisha na yenye desibeli 97, inakupa ongezeko lile lile ambalo ungelipata kwa kuongeza wati za amplifaya mara mbili. Nayo sanduku lina kazi yake: lililofungwa nyuma hubana besi ikawa imara, na lililo wazi nyuma huitawanya sauti chumbani.

Haya ninayajua. Naomba msomaji akumbuke neno hilo, ninayajua, maana nitalirudia.

Tulipata amplifaya mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Mmarekani mmoja aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao: Fender Deluxe Reverb, wati 22, spika moja ya inchi 12, inayofanya kazi kwa valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama taa ndogo. Fender walianza kutengeneza Deluxe Reverb mwaka 1963, na nimeitamani tangu nilipoiona kwenye picha. Ya pili ilikuwa ya bendi iliyovunjika, amplifaya ya kawaida ya transista isiyo na jina kubwa, wati 60, spika ya inchi 10. Ilikuwa na tundu mbili mbele, moja ya gitaa na moja ya maikrofoni, na nyuma tundu la kuunganisha spika ya nje. Bei hazikupishana sana: ya kwanza ingemaliza akiba yetu yote, ya pili ingebakiza kidogo.

"Ipi bora?" aliuliza Shangazi.

"Ya kwanza," nilijibu. "Hapa hakuna mjadala."

Nikawaeleza. Nikasema valvu huipa sauti joto. Nikasema ikisukumwa kidogo hulainisha makali ya mpigo. Nikasema wapiga gitaa wa dunia nzima wanaitafuta. Wenzangu walinitazama kama watu wanavyomtazama mtu anayesoma barua ya Kifaransa wasiyoielewa, wakakubali.

Sikusema uongo hata mmoja, na jambo hilo ndilo lililonisumbua zaidi baadaye. Kila sentensi niliyoitamka ilikuwa kweli. Lakini nilizichambua kweli zangu kama mtu anavyochambua maharage: zilizonifaa nikazitia sufuriani, zilizonikera nikazitupa. Sikuwaambia kwamba amplifaya ile imetengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120, na kwetu ni volti 220, hivyo tungehitaji transfoma na siku moja ya kusahau ingetosha kuiunguza. Sikusema kwamba valvu huchakaa na sijui duka lolote la hapa linaloziuza. Sikusema kwamba Joe Pass, mmoja wa wapiga gitaa wa jazi ninaowaheshimu kuliko wote, alitumia kwa miaka mingi amplifaya za Polytone, ambazo ni za transista. Wala sikuitaja Roland JC-120 ya mwaka 1975, ambayo pia ni ya transista na ambayo sauti yake safi imependwa na wapiga jazi wengi. Na sikusema neno lolote kuhusu tundu la maikrofoni.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, na kazi ya kutafsiri naijua. Bibi yangu hasomi Kifaransa. Karatasi za hospitali zinapokuja, ananipa mimi nimsomee kwa Kiswahili. Katika chumba kile mimi peke yangu nasikia pande zote mbili. Nikiruka mstari mmoja, hakuna atakayejua. Siku zote nimeona kuruka mstari wa bibi ni dhambi, hata kama mstari wenyewe ni mdogo. Lakini nilipowatafsiria wenzangu lugha ya amplifaya niliruka mistari minne au mitano, na usiku huo nililala usingizi mzuri.

Kilichoniamsha hakikuwa dhamiri. Kilikuwa udadisi wa Mzee.

Mmarekani alituachia amplifaya yake kwa siku mbili ili tuijaribu. Ile ya pili ilikuwa tayari kwa Mzee, tukaziweka pamoja sebuleni kwake. Mzee akasema, "Binti yangu, tufundishe na sisi tusikie hiyo tofauti. Nimepiga muziki miaka yote hii, sitaki kufa bila kuijua." Hakuwa ananipima. Alitaka kujifunza. Akatundika shuka mbele ya amplifaya zote mbili. Mpiga ngoma akakaa nyuma ya shuka, akirusha sarafu kuamua ipi aiunganishe, na kuandika kwenye karatasi. Mimi nilipiga gitaa nikiwa nimeyapa mashine mgongo, kodi zile zile kila mara, kisha nikataja: "Ya kwanza," au "Ya pili." Sauti tuliiweka katika kiwango cha Ijumaa, yaani kile kinachomruhusu mgeni kuzungumza na mkewe bila kuinua sauti.

Nilitaja mara kumi bila kusita. Kila nilipotaja, Mzee alitikisa kichwa kama mwanafunzi anayeelewa somo. Baadaye tukaongeza sauti hadi madirisha yakatetemeka, nikataja mara kumi nyingine. Shangazi akapiga makofi.

Walipotoka kwenda kunywa chai, mpiga ngoma alinipa ile karatasi bila kusema neno, akatoka naye. Kwa sauti ya juu nilikuwa nimepata 9 kati ya 10. Kwa sauti ya chini, ile ya kazi yetu, nilikuwa nimepata 6. Sarafu aliyokuwa akiirusha ingeweza kupata 5 bila kuwa na masikio.

Nilikaa na karatasi ile kwa muda. Maana yake ilikuwa wazi. Tofauti niliyoisifia ipo, na naweza kuisikia, lakini inajitokeza pale mashine inaposukumwa. Ijumaa hatuisukumi kamwe, kwa sababu hoteli haituruhusu. Katika kiwango chetu cha kawaida, joto nililolisikia lilikuwa limetoka sehemu fulani katikati ya macho yangu na miaka yangu mitano ya kutamani.

Hapa lugha yetu inanifundisha jambo. Katika Kiswahili tunasema nasikia muziki, lakini pia tunasema nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia uchungu. Neno moja linabeba kazi ya sikio na kazi ya moyo. Nadhani waliotuachia lugha hii waliujua ukweli ambao mimi niliujua kwa aibu: mtu anaposema nasikia, yeye mwenyewe huenda hajui ni sikio lililosema au ni moyo. Kwa hiyo hatuna budi kuyatenganisha mambo matatu kwa makusudi. Kuna kujua, yaani jambo ambalo mwingine anaweza kulihakikisha hata kama hanipendi wala haniamini, mfano volti 120. Kuna kusikia, yaani jambo lililonipata mimi, ambalo laweza kuwa kweli au kivuli. Na kuna kutaka. Kosa langu lilikuwa kuvalisha kutaka nguo za kusikia, kisha kusikia nguo za kujua, na kuwapeleka wenzangu sokoni pamoja na bibi harusi huyo aliyefunikwa uso.

Mtu anaweza kunipinga kwa hoja tatu, na nataka kuzijibu.

Hoja ya kwanza ni ile wanayoipenda wanamuziki: sauti iko vidoleni. Kwa hoja hii suala zima la amplifaya ni upuuzi, na mpiga mzuri atapendeza hata kwenye redio mbovu. Husimulia habari za Wes Montgomery wa Indianapolis, aliyekuwa kibarua kiwandani mchana na mwanamuziki usiku. Inasimuliwa kwamba kelele za amplifaya yake nyumbani ziliwakera majirani, akaacha kipande cha plastiki cha kupigia na kuanza kugusa nyuzi kwa nyama ya kidole gumba. Sauti nene na laini iliyozaliwa hapo ndiyo wapiga gitaa wa jazi wanayoitafuta hadi leo. Ni kisa kizuri na nakipenda. Lakini hata Montgomery alikuwa na amplifaya, na spika ya radi haitageuka spika ya asali kwa ajili ya kidole cha mtu. Kusema kila kitu kiko vidoleni ni kukwepa kazi ya kuchagua. Tulikuwa na fedha halisi mkononi na ilitupasa kuamua.

Hoja ya pili ni kwamba mjuzi ana haki ya kuamua peke yake. Kama wenzangu hawasikii tofauti, kwa nini tupige kura kuhusu jambo wasilolisikia? Fundi wa viatu haulizi wateja wake ni gundi gani. Hoja hii ina uzito. Lakini fundi anajua kiatu ni cha nini: ni cha kutembelea. Mimi nilisema bora bila kusema bora kwa nini na kwa nani. Mfikirie Freddie Green. Aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937 akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1987, na karibu muda huo wote alipiga gitaa lisilo na umeme, kodi moja kwa kila pigo. Wasikilizaji wengi hawakulisikia waziwazi. Wanamuziki wenzake walilisikia, na bendi nzima ilisimama juu yake. Ungemuuliza gitaa lipi ni bora, angeweza kukujibu tu kama ungemwambia limekaa katikati ya nani. Bora ni neno lenye ndugu, halitembei peke yake. Na ndugu zake, yaani kazi, mahali, watu wanaokaa karibu nawe, si siri ya mjuzi. Mzee anayajua hayo kunishinda.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Mtu atasema: basi uzuri usiotambuliwa na wengi hauna haki? Je, tununue daima kile kinachotosha? Wachache wanaosikia zaidi wakinyamaza kila mara, dunia nzima itapiga muziki kwenye spika za bei rahisi. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilianza kuuza gitaa la umeme la ES-150 pamoja na amplifaya yake. Seti nzima iligharimu kama dola 150, na jina likatokana na bei hiyo. Miaka mitatu baadaye Charlie Christian aliingia na gitaa la aina hiyo katika kundi la Benny Goodman, akalifanya lizungumze kama saksafoni. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25. Kama watu wa aina yake wangesubiri wengi waombe sauti ile, ingetoka wapi? Nakubali. Uzuri unahitaji mtu wa kuusemea kabla haujasikika. Lakini kuusemea si sawa na kuuficha ndani ya hesabu. Ningeweza kusema: "Hii naipenda, naitamani, nadhani itanifanya nipige vizuri zaidi, gharama zake ni hizi na hizi." Hiyo ingekuwa kusemea uzuri. Nilichokifanya mimi kilikuwa kuwanyima wenzangu nafasi ya kuupenda au kuukataa.

Hatimaye ilinibidi kuamua. Hakuna aliyekuwa anajua ila mimi na mpiga ngoma, naye alikuwa amenyamaza kwa namna iliyoniachia mlango wazi pande zote mbili. Jumanne, kabla ya mazoezi, niliitoa karatasi mfukoni nikaisoma mbele yao, 6 na 9. Kisha nikasoma mistari niliyoiruka: volti, valvu, Joe Pass, tundu la maikrofoni. Mikono yangu ilitetemeka kuliko siku ya kwanza kupanda jukwaani.

Mzee alicheka, tena sana, akasema kumbe yeye naye alikuwa akitikisa kichwa bila kusikia lolote. Shangazi hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "mbona hukusema tu kwamba unaipenda? Sisi tungekunyima kwa sababu umependa?" Akanyamaza kidogo. "Mimi nilitaka kuuliza habari ya maikrofoni siku ile ile. Naimba kwa kukaza koo kila Ijumaa, Jumamosi sauti haitoki. Uliposema hakuna mjadala, nikaona haja yangu ni ya kijinga."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifundisha madhara yalikuwa wapi. Hadi hapo nilikuwa nikihesabu fedha: akiba ingetumika vizuri au vibaya. Sikuwa nimefikiri kwamba ujuzi ukitumiwa vibaya humfunga mdomo mwenye haja ya kweli, tena humfanya aione haja yake mwenyewe kuwa ya aibu. Shangazi alijua jambo moja kwa hakika kabisa, kwamba koo lake linauma. Ilikuwa kujua, daraja la kwanza. Nililinyamazisha kwa kutaka kwangu.

Tulinunua ile ya pili. Lakini sikutaka unyenyekevu wangu mpya uwe kisingizio cha kukaa kimya, maana mjuzi anayekataa kusema anachokijua naye anawaacha wenzake gizani. Nikawaambia: sauti ya gitaa kwenye spika hii ya inchi 10 ni nyembamba, na hili si suala la kupenda kwangu, tunaweza kulijaribu. Kwa fedha zilizobaki tulipata spika ya gitaa ya inchi 12 iliyotolewa kwenye amplifaya iliyokufa. Iliandikwa ohmu 8, sawa na zilizoandikwa kwenye tundu la nyuma; mita ya fundi ilisoma 6 na kidogo, jambo la kawaida, kwa kuwa mita hiyo hupima upinzani wa waya wenyewe tu, ambao huwa chini ya namba iliyoandikwa. Tulihakikisha hilo kwanza, kwa sababu amplifaya ya transista ukiiunganisha na ohmu chache kuliko inavyoruhusu inaweza kuungua. Seremala wa mtaani kwetu akatutengenezea sanduku la mbao lililofungwa nyuma.

Siku ya kuijaribu sikusema kitu. Sikusema joto, sikusema mviringo. Mpiga ngoma alikaa nyuma ya shuka kama awali, nikapiga kodi moja kwenye spika ndogo, kisha kodi ile ile kwenye sanduku. Shangazi alikuwa ameinamia jiko uani, akichochea maharage. Akageuka na mwiko mkononi, akauliza, "Hiyo nini?" Mzee alitaja sawasawa mara kumi kati ya kumi, akarusha mikono juu kama mtu aliyefunga goli. Nikaikumbuka methali ya kizuri chajiuza. Pengine si kila kizuri hujiuza. Lakini kizuri kinachoweza kujiuza kinapaswa kupewa nafasi hiyo kabla mtu hajakisemea.

Mzee aliniomba jambo moja zaidi: nipunguze besi kwenye amplifaya yangu. Uzi mnene wa gitaa langu unafika hezi 82, na chini ya hapo na kandokando yake ndipo anapoishi yeye. Nilikuwa nimezoea kuijaza besi nikiwa peke yangu chumbani ili sauti iwe nene. Nikiisikiliza peke yake sasa, sauti yangu ya Ijumaa ni nyembamba kuliko ninavyopenda. Pamoja na besi ya Mzee ni nene kabisa, na sijui tena unene ule ni wangu au ni wake.

Ile Fender ilinunuliwa na mtu mwingine, nami sikuiona tena. Msomaji asidhani nimeisahau. Kuna Ijumaa ambazo wageni wamekuwa wachache, msimamizi ametoka, na tunaruhusiwa kuongeza sauti kidogo mwishoni; hapo husikia kabisa mahali ambapo ile mashine ingeanza kulainika, na hii yetu hailainiki. Juzi Shangazi aliniona nikikunja uso, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia naitamani ile ya Mmarekani.

"Basi tuanze kuweka tena," alisema, akachukua maikrofoni.